Anajieleza vizuri, akiandika anavurugika

Mwalimu mwenzangu, huyo kijana anayejibu vizuri darasani lakini kwenye mtihani herufi zinapishana na nusu ya karatasi inabaki tupu, tafadhali usimwite mvivu. Huenda ni disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, ingawa kuthibitisha ni kazi ya mtaalamu. Na haina maana kwamba hana akili. Mwite faragha, muulize nini kinamsaidia. Mpe noti kabla ya kipindi, mruhusu arekodi kwa simu, na usimsimamishe ghafla asome kwa sauti mbele ya wenzake. Muda wa ziada wa mtihani uombeni mapema, kwa maandishi. Hapa Tanzania Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inakataza ubaguzi katika elimu. Na kwa kuwa unafundisha uhasibu, akiandika "mjati" badala ya "mtaji" lakini mizania (taarifa ya mali, madeni na mtaji) imelingana, mpe alama zake zote.