Mali ya Jeshi Ina Mwenyewe

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa Mokowe, Lamu, karani wa mjomba wangu aliyepata tenda ya kupeleka maji na vyakula katika kambi moja ya jeshi. Yakienda malori sita ya maji, mimi huandika kumi, afisa wa stoo hutia saini, na malipo ya yale manne hugawanwa. Fungu langu nimemtibia mama, anaugua figo. Sasa wachunguzi wameniita niandikishe maelezo. Mjomba ataka nimsitiri. Asema wenyewe jeshini hutapanya, hununua vitu visivyo na kazi kila ikikaribia mwisho wa Juni ili bajeti isibaki. Na ustadhi mmoja ameniambia mali ya serikali isiyo ya Kiislamu si amana, tena serikali yenyewe imetuonea. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah, mwanangu. Mwenyezi Mungu ampe mama yako afya.

Hukumu yenyewe wewe waijua, ndiyo maana hulali. Pesa za malori yasiyokwenda ni haramu, karatasi uliyoandika ni ushahidi wa uwongo, na ukiulizwa ni wajibu useme kweli. Kilichonishughulisha ni maneno ya huyo ustadhi. Nimeyasikia barazani zaidi ya mara moja, na vijana wayachukua kama dini.

Si dini. Mughira bin Shuuba, kabla hajasilimu, alisafiri na watu wa kabila lake, akawaua, akachukua mali yao, kisha akaja kwa Mtume (s.a.w.) kusilimu. Mtume akamwambia: Uislamu nimeukubali, ama mali, mimi simo. Imo katika Bukhari. Wale walikuwa washirikina, wala hapakuwa na mkataba baina yao na Waislamu, na bado Mtume hakuitaka mali iliyopatikana kwa hiana. Mjomba wako ana mkataba aliotia saini kwa mkono wake, na Qur'ani yaanza Suratul Maida kwa kuamrisha ahadi zitimizwe. Usiku wa Hijra, Maquraishi wamemzunguka wamuue, Mtume alimwacha Sayyidna Ali Makka arudishe amana za watu wa mji ule ule. Ustadhi atuambie ni nani aliyeonewa kuliko yeye.

Na akitaka la jeshi hasa, lipo. Baada ya Khaybar, Mid'am, mtumwa wa Mtume, alipigwa mshale akafa. Watu wakasema, hongera, pepo ni yake. Mtume akaapa kuwa ile shuka aliyoitwaa katika ngawira kabla haijagawanywa yamuwakia moto. Mtu mmoja aliposikia akaleta kamba za viatu alizokuwa amezificha, akaambiwa ni kamba za moto. Shuka moja, na mwenyewe amefia safarini pamoja na Mtume! Malori manne ya maji kila safari, tutasemaje? Aya ya 161 ya Aal Imran yasema atakayefanya hiana atakuja nacho alichokihini Siku ya Kiyama.

Kwamba tumeonewa, sibishani naye. Baada ya watu kutekwa nyara Kiwayu na Manda mwaka 2011, wavuvi wa Lamu walikatazwa kuvua usiku, na marufuku hiyo ikadumu miaka. Nyumba zilizolala na njaa kwa ajili yake nazijua. Lakini haki ina mlango wake. Wavuvi wetu hao hao walishitaki kuhusu bandari ya Lamu ya mradi wa LAPSSET, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.76. Walidai mchana, kwa majina yao. Mjomba wako na afisa wa stoo wamempelekea mvuvi gani wa Kizingitini fungu lake? Dhulma ya watu wa Lamu imefanywa kisingizio cha kutajirisha watu wawili.

Tena anayesema mali hii haina mwenyewe na aitazame KNS Jasiri, meli ya doria ya jeshi la majini la Kenya. Mkataba wake ulitiwa saini 2003. Zikaja tuhuma za ufisadi, malipo yakasimamishwa, na meli iliyonunuliwa kulinda bahari yetu ikakaa Uhispania hadi 2012. Utekaji ule wa 2011 ulitokea meli ingali kule. Sisemi ingeuzuia, hilo alijua Mwenyezi Mungu. Nasema tenda ikioza, hasara hutufikia sisi tulio ufukweni. Na hapo kambini pana askari, watoto wa watu, wengine Waislamu wenzetu, waliopungukiwa maji ya kunywa na ya udhu kwa kalamu yako.

Kutapanya kwa wakubwa ni dhambi yao. Suratul Israa yawaita wabadhirifu ndugu wa mashetani. Mjomba akiagizwa kitu kisicho na haja, akakileta kamili kwa bei ya haki, na hakuhonga aagizwe, ujira wake ni halali na wa kuulizwa ni aliyeagiza. Hapo ndipo mwisho wa hoja yake.

Ama kusitiri, Imam Nawawi ameeleza katika sharhe yake ya Sahih Muslim kuwa sitara ni ya mtu asiyejulikana kwa ufisadi, kwa kosa lililokwisha pita. Dhulma inayoendelea, ya haki za watu, haisitiriwi. Na anayeficha ushahidi, Suratul Baqara yasema moyo wake umeingia dhambini. Lakini ni mjomba wako, amekulea. Nenda kwake kwanza, kwa adabu, umwambie utasema kweli, na umsihi akaseme yeye mwenyewe na kurudisha. Kumzuia na dhulma ndiko kumnusuru. Akikataa, humkati: salamu yake, ugonjwa wake na maziko yake ni haki juu yako.

Usiende kwa wachunguzi peke yako. Tafuta wakili kwanza, maana nawe umeandika. Sheria ya kulinda mashahidi ya 2006 na ile ya hongo ya 2016 zina kinga kwa mtoa habari. Wakili akueleze zakuhusu vipi. Uliyopokea ni deni. Orodhesha, na wakili aulize njia ya kuyarudisha serikalini kidogo kidogo. Usinipelekee msikitini wala usitoe sadaka, kwa kuwa mwenyewe ajulikana.

Mama usimwambie dawa yake ilikuwa haramu. Hakujua, hana dhambi, usimtie simanzi juu ya maradhi. Matibabu ya mbele ndiyo yanipayo hofu, kwani hapo shetani atakurudia. Wagonjwa wa figo ni masikini wanaostahiki zaka wakishindwa kujitibu, na hili si aibu. Njoo na karatasi za hospitali baada ya swala ya Ijumaa, nitazungumza na wenye mali ninaowajua kabla hujampeleka tena.

Wallahu aalam.