Feritini peke yake haitoshi, mtoto apigwe MRI ya T2*

Dada umeuliza kama moyo wa mtoto wako mwenye thalasemia (ugonjwa wa damu wa kurithi, anaongezewa damu mara kwa mara na chuma kinarundikana) uko salama kwa vile feritini, kipimo cha damu kinachokadiria chuma mwilini, ni 900. Hapana, 900 haimaanishi moyo uko salama. Kipimo hicho kinapandapanda, akipata homa tu au maambukizi au ini likivimba kinaruka juu hata kama chuma hakijaongezeka, na pia kuna wagonjwa feritini yao iko chini kabisa lakini moyo umejaa chuma, ndo maana inatakiwa MRI ya T2*, picha ya mashine ya sumaku inayosoma chuma kwenye moyo na ini moja kwa moja bila kutoboa mtu. T2* ni muda ambao mashine inapima, chuma kikizidi unapungua: kwa moyo ikiwa zaidi ya milisekunde 20 ni nzuri, chini ya 20 chuma kimeshaanza kuingia, chini ya 10 ni hatari sana na dawa za kutoa chuma zinaongezwa haraka. Mdogo wangu ana thalasemia meja, ile kali, anatibiwa hapa Muscat, feritini anapimwa kila baada ya miezi mitatu na MRI kila mwaka, na jibu la moyo na la ini huwa hayafanani hata kidogo. Kumbuka chupa moja ya damu anayoongezewa mgonjwa inaingiza kama miligramu 200 za chuma na mwili hauna njia ya kukitoa wenyewe. Ila feritini msiache kupima jamani, inaonyesha mwelekeo, wewe angalia majibu ya miezi mingi sio karatasi moja. Na mtoto mdogo asiyeweza kutulia ndani ya mashine daktari anaweza kusubiri akue kidogo.