Albendazoli haimsafishi mtu anayepandikizwa figo: jibu kwa mwenye mdogo wake wa Kasulu

Hapana, ndugu yangu, suala la minyoo halijakwisha. Umeandika kwamba mdogo wako atapandikizwa figo Dodoma mwezi ujao, kwamba amekwisha kumeza albendazoli, kwamba choo kilipimwa mara moja kikaonekana safi, na sasa unauliza bei ya dawa za kuzuia virusi na kama ataruhusiwa kula migebuka. Migebuka itasubiri.

Mimi pia nimekulia Kasulu, nikilima maharage peku, na figo niliyo nayo nilipewa na dada yangu. Katika udongo uliochafuliwa kwa kinyesi kuna mnyoo mdogo uitwao strongiloidi, ambao viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mguu. Tofauti yake na minyoo tuliyoizoea ni kwamba huzaliana ndani ya mwili uleule bila kuhitaji kurudi ardhini, hivyo mtu aliyeambukizwa utotoni anaweza kuwa nao miongo kadhaa asijue. Kwangu ishara ilikuwapo: mchirizi mwekundu wenye kuwasha, uliotokea karibu na makalio ukaelekea pajani, ambao asubuhi ungeuona mahali fulani na kabla ya chakula cha mchana ungekuwa umesogea upana wa kiganja. Niliupaka mawese. Cheka haraka tuendelee.

Kinga ya mwili ikiwa nzima, mnyoo huyu hutulia. Prednisoloni, ambayo karibu kila aliyepandikizwa huanzishiwa pamoja na dawa nyingine za kuzuia mwili usiikatae figo, humfungulia mlango. Viluwiluwi huongezeka kupita kiasi, hutoboa utumbo, huingia mapafuni, na njiani huvibeba vijidudu vya tumboni hadi kwenye damu, wakati mwingine hadi kwenye utando wa ubongo. Wengi wanaofikia hatua hiyo hufa.

Mimi ilinianza kwa kikohozi na kifua kupiga filimbi. Badala ya kurudi kliniki, nilikwenda duka la dawa karibu na nyumbani, ambako muuzaji, kwa uhakika ambao hata maprofesa hawana, alitamka kwamba hiyo ni pumu na kuniongezea prednisoloni. Upandikizaji wa figo ulianza nchini Tanzania mwaka 2017 pale Muhimbili, kwa hiyo sisi tuliopandikizwa humu nchini bado ni wachache na sikutarajia mtu wa dukani atujue; lakini nilikuwa nimemwonyesha kadi yangu, akaisoma, akanirudishia pamoja na vidonge. Dawa iliyokuwa ikiwalisha minyoo niliinunua kwa fedha yangu mwenyewe na nikaomba risiti. Siku chache baadaye nilikuwa na homa kali, tumbo limejaa, na madoa ya zambarau yamezunguka kitovu. Aliyeniokoa ni daktari kijana aliyeagiza makohozi yatazamwe kwa hadubini, na viluwiluwi vikaonekana vinacheza.

Ninayemkasirikia zaidi ya muuzaji ni yule aliyeandika kwenye faili langu, kabla ya upasuaji, kwamba sina minyoo, kwa sampuli moja tu ya choo. Strongiloidi hutoa viluwiluwi vichache na kwa vipindi, kwa hiyo sampuli moja mara nyingi humkosa. Huhitajika sampuli kadhaa au kipimo cha damu cha kingamwili. Nayo albendazoli ni dhaifu kwake. Dawa yake ni ivermektini, ileile inayogawiwa katika mikoa yenye usubi, na kabla ya upandikizaji dozi chache hutosha kwa kawaida, ilhali mimi niliyechelewa nilimezeshwa kila siku hadi viluwiluwi vilipotoweka. Usimnunulie mwenyewe: ikiwa amewahi kuishi kwenye misitu ya Kongo, lazima kwanza apimwe mnyoo wa loa, kwa kuwa mwenye loa nyingi katika damu akipewa ivermektini anaweza kuharibika ubongo.

Kuhusu virusi, kwa kifupi: muulize daktari kama mtoaji figo ana kirusi kiitwacho sitomegalovirusi ilhali mdogo wako hana, kwani wapokeaji wa namna hiyo ndio walio hatarini zaidi, na homa au kuharisha kunakotokea baada ya dawa ya kuzuia virusi kusimamishwa kusichukuliwe kuwa malaria tu. Chanjo ya homa ya manjano hatakiwi kuchanjwa akiwa tayari amepandikizwa.

Turudi kwenye minyoo. Kabla hajameza kidonge cha kwanza cha prednisoloni, timu ya Dodoma iambiwe waziwazi kwamba amekulia Kasulu na amelima peku, na iombwe kumpima strongiloidi au kumtibu hata kama choo ni safi. Anayetoa figo apimwe vilevile, maana viluwiluwi vimewahi kusafiri ndani ya kiungo kilichotolewa. Iandike hiyo kwenye karatasi, aibebe mkononi, na jibu la daktari ulilete hapa kabla ya tarehe ya upasuaji.