Marufuku ya bastola mjini: ilizidisha mauaji, au ilitufunga mikono tu?

SWALI: Naishi Rogers Park, Chicago, pamoja na mke wangu na watoto wawili. Mkubwa ana miaka 15. Mwezi uliopita jirani alivunjiwa mlango usiku. Shemeji yangu anasisitiza ninunue bastola, na amenitumia grafu inayoonyesha kuwa miji iliyopiga marufuku bastola ndiyo iliyozidi kwa mauaji. Kitaalamu, ni kweli? Na je, bastola itanisaidia?

JIBU: Poleni kwa hofu mliyoipata. Grafu ya shemeji yako sijaiona, lakini nadhani naweza kuichora bila kuangalia. Inaanzia Washington, mji mkuu wa Marekani, mwaka 1976, sheria ya kupiga marufuku bastola ilipoanza kazi, mauaji yakiwa 188. Mstari unapanda mpaka karibu 480 mwaka 1991, na picha inakatwa hapo hapo. Kazi yangu ni takwimu za uhalifu, na picha hiyo naletewa kila mara, safari hii na mjomba wa mtu, safari ile na mwuza silaha.

Sasa usiikate, endelea nayo. Mwaka 2000 mauaji Washington yalikuwa chini ya 250, na marufuku ni ile ile, haijaguswa hata herufi. Kilichopandisha mstari ni kokeini ya mawe, ile wanayoiita kraki, iliyoingia katikati ya miaka ya 1980 na kuwafanya vijana wauane kugombea vijiwe vya kuuzia. Miji isiyokuwa na marufuku yoyote nayo ilipanda, kisha ikashuka. Kwa Marekani nzima kiwango cha mauaji kilikuwa 9.8 kwa kila watu 100,000 mwaka 1991, na 5.5 mwaka 2000.

Njoo upande wa pili. Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta marufuku ya Washington Juni 2008, katika kesi ya Heller, na miaka miwili baadaye kesi ya McDonald ikaiangusha ya Chicago. Zote mbili ziliamuliwa kwa majaji 5 dhidi ya 4. Baada ya hapo Washington ilishuka hadi mauaji 88 mwaka 2012. Chicago ikapanda kupita 750 mwaka 2016. Sheria ya aina moja imeondolewa katika miji miwili, na mistari imekwenda njia mbili. Mwenye kutaka kushinda ubishi anachagua mji unaomfaa, anauficha wa pili. Hili linanikera kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii, na wanaofanya hivyo wapo pande zote.

Hata wataalamu waliokaa nalo kwa miaka hawakuafikiana. Mwaka 1991 Colin Loftin na wenzake walionyesha kuwa baada ya sheria ya Washington mauaji ya bunduki yalipungua kwa asilimia 25, na watu kujiua kwa bunduki asilimia 23, huku vitongoji vya jirani vya Maryland na Virginia visionyeshe mshuko kama huo. Wengine wakailinganisha na Baltimore, mji unaofanana nayo zaidi, wakakuta mauaji kule nako yalishuka bila marufuku. Ndiyo maana ukisikia mtu anasema "imethibitishwa," muulize imelinganishwa na wapi.

Halafu tazama sheria yenyewe ilifanya nini. Ile ya Chicago ya 1982 ilisimamisha usajili wa bastola mpya. Zilizokwisha sajiliwa zilibaki kwa wenyewe, hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kuzikusanya. Na mji hauna forodha. Ripoti ya jiji lenu ya mwaka 2017 ilikuta bunduki 6 kati ya kila 10 zilizokamatwa katika uhalifu zilitoka nje ya Illinois, na zaidi ya moja katika tano zilitoka Indiana peke yake, ambako mtu binafsi anaweza kumuuzia mwenziwe bila rekodi zake kuchunguzwa. Kutoka kwako ni mwendo wa gari tu.

Kuhusu kufungwa mikono, hilo sitalipuuza. Otis McDonald, aliyefungua kesi ya Chicago, alikuwa mzee wa miaka ya sabini aliyevunjiwa nyumba mara kadhaa. Alikuwa na bunduki ndefu za kuwindia, akataka bastola anayoweza kuishika kitandani. Marufuku ilimnyima yeye, siyo mwizi. Lakini shemeji yako akikuambia Wamarekani hujiokoa kwa bunduki mara milioni 2.5 kwa mwaka, jua hesabu hiyo ilitoka kwenye mahojiano ya simu ya watu wasiofika 5,000, iliyochapishwa mwaka 1995. Mtu mmoja katika mia akijibu vibaya, ukizidisha kwa watu wazima wote wa nchi, unapata karibu milioni mbili hewa. Uchunguzi wa serikali wa waathirika wa uhalifu hupata makumi ya maelfu.

Kabla ya bastola, fungua mlango wako uangalie kile kibati kwenye fremu kinachopokea ulimi wa kitasa. Mara nyingi kimeshikwa na skrubu fupi zinazong'oka kwa teke moja. Weka za inchi 3 zifike kwenye mbao ya ukuta.

Ukiamua kununua, usiwasikilize hawa walimu wa usalama wa mtandaoni wanaosema iwe kwenye droo ya kitanda, imejaa risasi. Nawaambia na wote wanaoniandikia: zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi Marekani hujiua wenyewe. Anayejaribu kwa bunduki, karibu 9 kati ya 10 hawarudi. Kwa njia nyingine nyingi wengi huokolewa, na wengi wa waliookolewa hawafi kwa kujiua baadaye. Kasha la chuma lenye namba ya siri, risasi zikae kwingine, na namba 988, simu ya msaada kwa anayefikiria kujiua, ibandikwe mahali kijana anapoiona. Mzazi huniambia, "Mwanangu anajua haruhusiwi kugusa." Mtoto wa miaka 15 anajua pia ufunguo wa kabati unakaa ndani ya kikombe kipi.