Jirani kanipa unga wa mulethi, nitumie?

SWALI: Anti shikamoo. Mwaka wa pili huu tumbo linaniwaka moto, usiku ndo balaa, nikilala tu asidi inapanda mpaka kooni naamka nakohoa. Omeprazoli ya kupunguza asidi nameza lakini nikiacha linarudi palepale. Jirani yangu Mhindi hapa Upanga kanipa unga wa mulethi, ule mzizi mtamu, anasema ndo ayuveda yao, yaani tiba ya jadi ya Kihindi, na kuna duka wananiuzia vidonge vyeusi havina hata lebo eti vinamaliza vidonda kabisa. Nina presha, natumia dawa. Nifanyeje? Mama wa wawili, Dar.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, kulala umekaa si kulala.

Kwenye ayuveda hilo tatizo lina jina, amlapitta, yaani ule moto wa mwilini wanaouita pitta umezidi na umechachuka. Ndo maana mtaalamu wao kabla ya dawa anakuuliza unakula nini na saa ngapi, na hapo nawakubali kabisa. Kula usiku mapema, masaa 3 kabla hujalala, punguza pilipili, achari, ndimu na vya kukaanga. Na mtindi jamani! Sisi tukiungua tunakimbilia mtindi tukijua unapoza, wao wanasema mtindi uliochacha unaongeza huo moto, kwahiyo jiangalie mwenyewe ukinywa unasikiaje.

Ukitaka kitu cha jikoni, chukua kijiko cha mbegu za giligilani, ziponde kidogo tu zipasuke, loweka kwenye glasi ya maji usiku kucha, asubuhi chuja unywe. Au tafuna shamari kidogo baada ya kula. Kidonda haviponyi, nakwambia ukweli, ila wengi vinawatuliza.

Mulethi mrudishie jirani kwa upole. Ina kitu kinachopandisha presha na kushusha potasiamu, wewe haikufai hata kidogo.

Vile vidonge vyeusi usiviguse! Kuna tawi la ayuveda linachanganya madini kwenye dawa, na utafiti wa Marekani uliotoka 2008 ulipima dawa 193 za ayuveda zilizonunuliwa kwenye intaneti, karibu moja kati ya kila 5 ilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Sasa hicho kisicho na lebo utajua kina nini?

Miaka 2 ni mingi mwanangu, nenda ukapime bakteria wa H. pylori, wale wanaoleta vidonda vya tumbo, kipimo cha choo kinatosha. Mwambie daktari unameza omeprazoli maana inaweza kuwaficha hao bakteria, kwa kawaida anakuachisha wiki 2 kwanza ndo upime. Wakionekana utapewa antibayotiki, maliza dozi. Mtajie pia dawa za maumivu kama unameza diklofenaki kila mgongo ukiuma, zile zinachubua tumbo vibaya.

Ukiona choo cheusi kama lami, ukatapika damu, chakula kikakwama kooni au unakonda tu bila sababu, hapo usisubiri giligilani wala toleo lijalo, nenda hospitali siku hiyohiyo.