Jibu: Kwa nini nyumba za zamani Ngamiani zinaisha?

Mkuu umeuliza kwa nini nyumba za zamani Ngamiani, Tanga mjini, zinavunjwa na kama nanyi muuze ya bibi. Ujue Ngamiani ilipimwa kwa mistari, ndo maana tunaita barabara kwa namba, na viwanja ni vidogo, vya nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati vyumba huku na huku ua nyuma. Sasa watu wameongezeka, bomba la mafuta kutoka Hoima linaishia hapo Chongoleani, kila mtu anataka fremu ya duka, na warithi wako sita, nani atakataa hela?

Mi kinachoniuma ni baraza, pale wazee walipokuwa wanakunywa kahawa jioni sa hivi pana mlango wa chuma. Jirani yetu kapandisha ghorofa mpaka ukutani kwetu, maji ya bati lake yanamwagika uani mama anapoanika dagaa, na upepo wa bahari ndo basi tena!

Kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007 kujenga au kubadili matumizi ni mpaka kibali. Kabla hamjasaini chochote nendeni idara ya ardhi pale jiji mkaulize ramani ya mtaa wenu inasemaje, na muende warithi wote.