Maswali ya Wasomaji: Wapimaji wa Isotopu Hukutana Kujadili Nini?

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi jinsi tumbawe moja lililokua katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi lilivyosomwa ili kujua hali ya joto la bahari kwa muda wa miaka 194, kuanzia 1801 hadi 1994, kwa kupima aina mbili za oksijeni zilizomo katika chokaa yake. Aina hizo huitwa isotopu, yaani atomu za elementi moja zenye uzani tofauti, na nambari inayofuata jina, kama 13 au 18, ndiyo uzani wenyewe. Tulitaja pia, kwa sentensi moja tu, kwamba wanaofanya kazi hiyo wana makongamano yao. Sentensi hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe, nasi tumechagua nne, mbili za Malindi na mbili za Lamu.

SWALI: Ninafundisha kemia katika shule ya sekondari. Baada ya kusoma makala yenu darasani, wanafunzi waliniuliza: ikiwa mashine iitwayo spektromita ya masi imekwisha vumbuliwa, na kazi yake ni kutoa nambari, wataalamu hukutana kujadili nini? Je, nambari ya Malindi haiwi ileile popote itakapopimwa?
Mwalimu, Malindi

JIBU: Wanafunzi wako, Mwalimu, wamegusa penyewe. Haiwi ileile mpaka watu wakubaliane, na makubaliano hayo ndiyo kazi kubwa ya mikutano hiyo, ingawa ratiba zake zimejaa mada za kupendeza zaidi kuhusu nyangumi, barafu na mifupa ya kale.

Tuanze na mashine. Unga wa tumbawe uliochimbwa kwa keekee ndogo, ya aina wanayotumia madaktari wa meno, hutiwa asidi ya fosfori ukatoa gesi ya kaboni dioksidi. Gesi hiyo hupigwa kwa elektroni na kugeuka ayoni, kisha hupitishwa kwenye sumaku inayopinda njia yake, ayoni nyepesi zikapinda zaidi na nzito zikapinda kidogo, hadi zinapopokewa na vikombe vitatu vilivyopangwa kwa ajili ya uzani wa 44, 45 na 46. Hapo hapo tatizo la kwanza hujitokeza. Kikombe cha 45 kinatakiwa kutuambia habari za kaboni 13, lakini molekuli yenye kaboni ya kawaida na atomu moja ya oksijeni 17 nayo ina uzani huohuo na huingia mlemle. Mchango wake lazima uondolewe kwa hesabu, na maabara mbili zikitumia viwango tofauti katika hesabu hiyo zitatoa majibu tofauti hata kama mashine zao zimetoka kiwanda kimoja siku moja.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi. Tofauti zinazotafutwa ni ndogo mno: bahari ikipata joto kwa digrii moja ya Selsiasi, oksijeni 18 katika chokaa ya tumbawe hupungua kwa takriban 0.2 kwa elfu. Hakuna anayeweza kupima kitu kidogo hivyo moja kwa moja kwa uhakika. Kinachofanyika ni kulinganisha sampuli na kitu kingine ambacho thamani yake imekubaliwa. Muuza samaki na mteja wake wanaweza kuwa na mizani mbili nzuri, lakini mawe yao ya kilo yasipokuwa yamelinganishwa mahali pamoja, hawatapatana.

Kwa upande wa kaboni, sifuri ya kipimo, ambayo thamani nyingine zote husomwa kama tofauti ya kiasi fulani kwa elfu kutoka kwake, iliwekwa kwenye kisukuku cha mnyama wa bahari wa jamaa ya ngisi, aitwaye belemnaiti, aliyetoka katika miamba ya Pee Dee huko South Carolina, Marekani. Kisukuku kile kilitumiwa mpaka kikaisha. Badala yake likaja jiwe la marumaru lililosagwa, NBS 19, ambalo thamani yake ilitangazwa kuwa +1.95 kwa elfu kwa makubaliano tu, na jiwe hilo nalo likaisha, likafuatwa na marumaru nyingine, IAEA-603, inayotolewa na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lenye makao yake Vienna. Kila badiliko la namna hiyo linadai watu wakae pamoja, wapime kitu kilekile kila mmoja kwake, na walete matokeo mezani.

Mfano ninaoupenda zaidi, kwa kuwa unaaibisha kidogo, ni wa chumvi ya lithiamu kabonati iitwayo LSVEC. Mwaka 2006 ilikubaliwa kuwa nguzo ya pili ya kipimo cha kaboni, kwa thamani ya −46.6 kwa elfu. Baadaye ikaonekana kwamba chupa moja haikubaliani na nyingine. Sababu ilikuwa kwamba chumvi hiyo hunyonya kaboni dioksidi ya hewani kila chupa inapofunguliwa, na kaboni yake hubadilika polepole, kwa hiyo nguzo iliyosimamishwa ili wengine wajipime kwayo ilikuwa yenyewe inasogea, mpaka wataalamu wakashauri isitumiwe tena kwa kaboni. Mtu aliye peke yake katika maabara yake, akiona tofauti ya sehemu chache za kumi kwa elfu, atailaumu mashine yake au mikono ya msaidizi wake. Tofauti hiyo huonekana ni kosa la wote pale tu matokeo ya maabara nyingi yanapowekwa bega kwa bega, na wenye maabara wakawa tayari kusema hadharani ya kwao yaliyokataa kukaa sawa.

Mikutano yenyewe ni ya aina nyingi. Kongamano la Kimataifa la Spektrometria ya Masi, lililoanza London mwaka 1958, hushughulika zaidi na mashine na kemia kwa upana wake. IsoEcol, lililoanzia Saskatoon, Kanada, mwaka 1998, ni la wanaochunguza viumbe na mazingira. JESIUM huwakutanisha watumiaji wa isotopu thabiti wa Ulaya, na limewahi kufanyika Vienna mwaka 2004, Leipzig mwaka 2012, Ghent mwaka 2016 na Kuopio, Finland, mwaka 2022. Katika JESIUM mtu haoni haya kutoa mada nzima kuhusu namna ya kukausha sampuli.

SWALI: Binti yangu amepata nafasi ya kufanya kazi kwenye maabara ambako atashika isotopu kila siku. Majirani wananitisha kwa habari ya mionzi. Je, nimruhusu?
Mama, Langoni, Lamu

JIBU: Mruhusu, Mama. Isotopu zinazozungumzwa hapa ni thabiti, yaani haziozi na hazitoi mionzi, na zimo tayari katika maji ya kunywa, katika wali na katika mwili wako mwenyewe: kati ya kila atomu 1,000 za oksijeni ulizonazo, takriban 2 ni za oksijeni 18. Hatari za maabara hiyo ni za kawaida, nazo ni asidi, tanuri zenye moto mkali, nitrojeni ya kimiminika ambayo huunguza ngozi kwa baridi, na mitungi ya gesi isiyofungwa vizuri ukutani. Mwulize kama amepewa miwani na glavu, kwa kuwa hilo ndilo swali la mzazi hapa.

SWALI: Ninasomea shahada ya uzamili katika elimu ya maji, na kwetu ni Shela. Nimekusanya maji ya visima vilivyo karibu na vilima vyetu vya mchanga ili nijue kama chumvi inayozidi wakati wa kiangazi inatoka baharini. Msimamizi wangu anataka nipeleke ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti, kwenye kongamano la isotopu. Nianze na lipi, na niandike nini ili nisionekane mgeni wa mambo?
Mwanafunzi, Shela, Lamu

JIBU: Kwa kazi ya maji, kongamano lenye uzito ni lile la haidrolojia ya isotopu linaloandaliwa na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki tangu miaka ya 1960, na ambalo katika miaka ya karibuni limekuwa likifanyika Vienna kila baada ya takriban miaka minne. Kwa kawaida halitozi ada ya kujiandikisha, na watafiti wa nchi wanachama wanaweza kuombewa msaada wa nauli, lakini maombi hupitia mamlaka ya serikali iliyoteuliwa na hayapokelewi kwa mtu binafsi moja kwa moja. Watu wengi hukosa nafasi kwa sababu fomu imelala ofisini, wala si kwa sababu kazi yao ni dhaifu. Anza kuifuatilia mapema kuliko unavyodhani inafaa.

Hata hivyo, kabla ya kuandika neno, itazame upya hoja yako, kwa kuwa hapo ndipo utakapoulizwa. Unajua kwamba mvua hufuata mstari aliouchora mwanajiokemia Harmon Craig mwaka 1961, ambapo thamani ya hidrojeni nzito ni mara 8 ya ile ya oksijeni 18, ukiongeza 10. Maji yaliyopigwa na jua yakavukizwa hutoka kwenye mstari huo na kufuata mteremko mdogo zaidi, mara nyingi kati ya 4 na 6. Kwa hiyo swali la kama chumvi ya kiangazi imeletwa na uvukizi linajibika vizuri kwa data yako. Swali la bahari ni gumu zaidi. Piga hesabu: kisima kikiingiliwa na maji ya bahari kwa asilimia 2 tu, kitakuwa na takriban gramu 0.7 za chumvi zaidi kwa lita, kiasi ambacho mnywaji wa chai atakitambua kwa ulimi, lakini ikiwa maji ya mvua yako ni karibu −3 kwa elfu na bahari iko karibu na sifuri, oksijeni 18 itasogea kwa 0.06 tu. Kosa la kawaida la kipimo ni karibu 0.1. Isotopu hazitaona kile ambacho jirani yako amekwisha kukionja.

Maana yake ni kwamba ikisiri inayodai kuthibitisha kuingia kwa bahari kwa isotopu za maji peke yake itapingwa na mtu wa safu ya mbele kabla hujamaliza kuonyesha picha ya pili. Pima pia kloridi na bromidi, kwa sababu uwiano wa hizo mbili katika maji ya bahari unajulikana na hutofautiana na ule wa maji ya vyoo vya shimo, ambavyo katika mji uliobanana kama Lamu haviwezi kuachwa nje ya hesabu. Ukipata nafasi, pima nitrojeni 15 ya naitreti, ambayo hupanda sana pale kinyesi kinapohusika. Andika basi kwamba isotopu za maji zimetenga uvukizi, na vipimo vingine vimetenga bahari na vyoo. Hiyo ni kazi ya heshima.

Kuhusu lugha ya fani, ni jambo moja tu litakalokutambulisha: taja sampuli rejea ulizotumia. Kipimo cha maji kina nguzo mbili, VSMOW, maji rejea yanayowakilisha bahari, yenye thamani ya sifuri, na SLAP, maji ya theluji ya Antaktika, yenye −55.5 kwa elfu kwa oksijeni, na msomaji anataka kujua kwamba ulijilinganisha na zote mbili, sio moja. Eleza pia ulivyohifadhi maji: chupa ilijazwa mpaka mdomoni bila nafasi ya hewa, kizibo kikakazwa, na haikuachwa juani kwenye mashua. Iwapo hukukusanya mvua ya Lamu yenyewe, sema umelinganisha na kumbukumbu za mtandao wa kimataifa wa isotopu za mvua, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ambao una rekodi za Entebbe na Dar es Salaam, na ukiri kwamba hapo si kwenu.

Omba nafasi ya bango badala ya hotuba. Hotuba ya dakika chache hupita na kupigiwa makofi, lakini mbele ya bango mtu atasimama nawe nusu saa akikuuliza habari za kisima namba fulani, na mara nyingi huyo ndiye mwenye mashine.

SWALI: Sisi wavuvi huja kuombwa vipande vya nyama ya samaki, na wengine wamewahi kukata matumbawe hapa. Tunaambiwa ni utafiti wa isotopu, vipande vinasafirishwa, na hatusikii tena. Wanakutana huko ng'ambo kwa mali yetu. Sisi tunapata nini?
Mzee wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo), Malindi

JIBU: Lalamiko lako ni la haki, Mzee, nami sitalipamba. Kile kipande cha nyama kinatumika kujua samaki amekula nini. Nitrojeni 15 hupanda kwa takriban sehemu 3 hadi 4 kwa elfu kila mnyama mmoja anapomla mwingine, kwa hiyo tafi anayekula majani huwa chini na jodari huwa juu sana. Kaboni nayo hutofautisha chakula kilichoanzia mikokoni, karibu −28, na kilichoanzia kwenye nyasi za baharini, ambazo huwa juu zaidi, mara nyingi kati ya −10 na −15. Utafiti wa aina hiyo uliofanywa Ghuba ya Gazi na kuchapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba kaboni ya mikoko hufika kwenye nyasi zilizo jirani lakini hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali, na kidogo mno hufika kwenye miamba ya matumbawe. Habari kama hiyo inamhusu moja kwa moja anayeamua wapi mikoko isikatwe.

Tumbawe lenu lilizaa zaidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000, ambao Nyawira Muthiga wa Kenya alikuwa miongoni mwa waandishi wake, ulionyesha kwamba joto la bahari yetu limekuwa likienda pamoja na mabadiliko ya Pasifiki ya kitropiki. Mwingine wa mwaka 2007 ulipima bariamu, elementi inayoletwa na udongo wa mto, katika tumbawe la Malindi na kuonyesha kwamba udongo unaoletwa na Mto Sabaki ulikuwa karibu uleule kuanzia 1700 hadi 1900, kisha ukaanza kuongezeka. Yale maji mekundu ya msimu wa mvua mnayoyalaumu yana historia iliyoandikwa.

Kuhusu haki yenu: mtafiti lazima awe na kibali cha NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ndani ya hifadhi awe pia na ruhusa ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na matumbawe magumu hayavuki mpaka bila hati ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Ombeni kuviona vibali hivyo kabla ya kisu kugusa samaki. Andikeni katika daftari la BMU jina la mradi, tarehe na nambari iliyoandikwa kwenye kila kifuko, kwa sababu nambari hiyohiyo ndiyo itakayoonekana kwenye jedwali la matokeo. Na mtakeni aahidi kwa maandishi kwamba atakayoyasema ng'ambo atayasema kwanza bandani kwenu, kwa Kiswahili, au angalau katika kongamano la WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari chenye makao Zanzibar, ambacho mwaka 2017 kilikutana Dar es Salaam, mahali ambapo mjumbe wa BMU anaweza kufika kwa basi.